Manna Dey: Sauti Waliyoiazima Wengi

(Hotuba kwa waimbaji chipukizi na wapenzi wa taarab, Mombasa. Nimeiandika yote hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakujaaliwa kufika.)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa huku mbele na fidla zenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwimbaji ambaye wengi wenu mmemsikia tangu utotoni na jina lake hamlijui. Msibishe kwanza. Nani hapa hajaiona ile picha ya Raj Kapoor na Nargis, mvua inawanyeshea usiku, mwavuli ni mmoja, na kila mtu anamsogezea mwenzake? Wimbo mnaujua. Uso wa Raj Kapoor mnaujua. Sauti ya kike ni ya Lata Mangeshkar, hilo halihitaji kuulizwa. Je, ile sauti ya kiume ni ya nani? Anayejua anyanyue mkono.

Naona mikono ya wazee wachache kule nyuma. Vijana, hata mmoja.

Ile sauti ni ya Manna Dey. Picha ni Shree 420, ya mwaka 1955. Na miaka minne kabla yake, katika Awaara, picha iliyowatia watu wa Unguja wazimu wa mapenzi na sinema, mnaikumbuka ile ndoto ndefu ya moshi na ngazi? Sauti ya kiume inayolia mle ndotoni ni yake pia. Tumemsikia miaka mingapi? Tumemwimba kwenye harusi ngapi? Na bado tukiulizwa nani aliyeimba, tunamtaja Raj Kapoor!

Basi huyu bwana alizaliwa Kolkata tarehe 1 Mei 1919. Jina lake hasa lilikuwa Prabodh Chandra Dey. Manna ni jina la nyumbani. Alifariki Bangalore tarehe 24 Oktoba 2013, akiwa na miaka 94. Alirekodi nyimbo zaidi ya 3,000 katika lugha zaidi ya kumi. Serikali ya India ilimpa Padma Shri mwaka 1971 na Padma Bhushan mwaka 2005, na mwaka 2007 akapata tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika sinema ya kwao. Tuzo nimemaliza kuzitaja na sitazirudia, maana sizo zilizonitoa nyumbani leo.

Kilichonitoa nyumbani ni nyinyi vijana. Nawasikia mkizungumza. Mnauliza: nitatoka lini? Nitajulikana lini? Jina langu litaandikwa lini kwenye bango? Ni maswali ya haki kabisa, kijana ana haki ya kutamani. Lakini nataka mumsikilize mtu aliyesoma kuimba kuliko karibu kila mwenzake wa zama zile, kisha akaichukua elimu hiyo yote akawaazima watu wengine. Aliwaazima nyuso zilizojulikana kuliko yake. Aliifanya kazi hiyo miaka zaidi ya hamsini. Mimi naamini elimu ndiyo iliyomwezesha, na nitawaeleza kwa nini.

Tuanze na nyumba aliyolelewa.

Ami yake, Krishna Chandra Dey, alipoteza macho akiwa bado mvulana, akawa mwimbaji mkubwa wa Bengali, mwigizaji wa jukwaani na wa sinema. Watu walimwita K. C. Dey. Katika nyumba hiyo muziki ulikuwa unaingia na kutoka mlangoni mchana kutwa: wapiga tabla, walimu, waimbaji waliokuja kujaribu sauti zao. Manna alisoma kwa ami yake na kwa Ustad Dabir Khan. Baba yake alitaka awe wakili. Yeye mwenyewe alipenda mieleka, na aliisomea kweli kweli. Chuoni akaingia mashindano ya uimbaji baina ya vyuo, akashika nafasi ya kwanza miaka mitatu mfululizo. Baada ya hapo habari ya uwakili ikazimika yenyewe.

Mwaka 1942 ami alikwenda Bombay kufanya kazi ya sinema, akamchukua kijana wake. Alimchukua kama nani? Kama msaidizi. Kumshika mkono, kumwandikia nyimbo, kupiga harmonia, kuwafundisha wengine wimbo kabla ya kurekodi. Baadaye akawa msaidizi wa watunzi wengine, akiwemo Sachin Dev Burman. Na wakati huo huo, huko Bombay, aliendelea kuketi chini mbele ya walimu: Ustad Aman Ali Khan, kisha Ustad Abdul Rahman Khan. Nisikilizeni vizuri hapa. Mtu ameshaimba kwenye sinema, sauti yake imeshasikika, na bado anakwenda kwa ustadhi na kuanza upya na sauti moja moja, sa, re, ga, ma. Alikuwa anajifunza huku anafanya kazi. Hakungoja amalize kujifunza ndipo aanze kazi, na hakuacha kujifunza kwa sababu kazi imekuja.

Sasa kwa faida ya wadogo, nieleze kazi yenyewe. Katika picha za Kihindi mwigizaji haimbi. Mwimbaji huingia studio, wimbo ukarekodiwa mzima, kisha siku nyingine mwigizaji husimama mbele ya kamera, wimbo ukapigwa, naye akachezesha midomo. Mtindo huu ulianza kushika Kolkata mwaka 1935, katika picha ya Dhoop Chhaon ya kampuni ya New Theatres, na K. C. Dey alikuwamo humo. Na msidhani zama zile mambo yalikuwa kama leo, mtu unarekodi mstari mmoja, ukikosea unaufuta. Fidla, tabla, filimbi, waitikiaji na mwimbaji walipiga pamoja, kwa mkupuo mmoja. Mpiga fidla wa safu ya mwisho akiteleza, wote wanaanza mwanzo. Mwimbaji aliyechoka haraka hakuwa na nafasi. Mwimbaji aliyehitaji kufundishwa wimbo mara ishirini hakuwa na nafasi.

Haya. Mwaka 1943 ilikuwa inatengenezwa picha ya Ram Rajya. Vijay Bhatt, mwelekezi wake, na mtunzi wa muziki Shankar Rao Vyas walikwenda kumwomba K. C. Dey awaimbie. Mzee akakataa. Yeye alizoea kuimba kwa uso wake mwenyewe. Hakuwa tayari sauti yake itoke kinywani mwa mtu mwingine. Wageni wakaangaza chumbani. Pembeni ameketi kijana, kimya. Wakamwomba yeye.

Mnaiona njia panda ile? Ami anasema: sauti yangu haiazimwi. Mtoto wa nduguye anasema: mimi nitaazima. Ami hakukosea, nisieleweke vibaya. Ule ulikuwa msimamo wa mtu wa zama zake, na ulikuwa msimamo wa heshima. Lakini mlango alioufunga mmoja ndio aliopitia mwenzake.

Na alipopita, alikuta nini? Alikuta ndevu. Wimbo ule ulikuwa wa Valmiki, mtakatifu mzee mwenye ndevu ndefu. Kijana hajafika hata miaka 25, anaketi sinema kujisikiliza kwa hamu, anaona sauti yake inatoka kwa babu. Lilimuuma, alisema mwenyewe. Na lilimfuata. Kwa miaka kadhaa kila palipotakiwa wimbo wa mzee, wa mtakatifu, wa ombaomba barabarani, waliitana: mwiteni Manna Dey. Wimbo wa kijana anayempenda binti alipewa mtu mwingine. Alifikia mahali pa kutaka kurudi zake Kolkata.

Kilichombakisha ni wimbo mmoja wa mwaka 1950, katika picha ya Mashaal, alioutunga S. D. Burman, yule yule aliyekuwa bosi wake. Wimbo ukapendwa, akabaki Bombay.

Nitapita haraka kwenye miaka ya hamsini, maana mnaijua hali yake hata kama hamjui jina lake. Kila nyota alikuwa na sauti yake. Raj Kapoor alikuwa na Mukesh. Dilip Kumar alikuwa na Mohammed Rafi. Baadaye Rajesh Khanna akawa na Kishore Kumar. Na Manna Dey, alikuwa na nani? Hakuwa na mtu. Hakuna uso hata mmoja India nzima ambao watu wakiuona walisubiri sauti yake.

Mwaka 1956 kulikuwa na picha ya Chori Chori, ya Raj Kapoor na Nargis. Mwenye mali alikuwa A. V. Meiyappan, tajiri wa studio kubwa ya Madras. Siku ya kurekodi wimbo wa Lata na mwanamume, Meiyappan akauliza Mukesh yuko wapi. Alitaka Mukesh. Manna Dey amesimama pale pale anasikia! Mtunzi Shankar hakukubali kubadilisha, na Raj Kapoor mwenyewe akamtetea. Wakarekodi, na Meiyappan akaridhika. Ule ni wimbo wa mbalamwezi, Yeh Raat Bheegi Bheegi, na mpaka leo ukipigwa mahali watu wanaacha kuzungumza.

Jiulize wewe mwimbaji: tajiri amesema mbele yako kwamba hakutaki, na dakika chache baadaye unatakiwa kuimba wimbo laini wa mapenzi. Sauti yako itatoka vipi? Koo litakuwa limekaza au halikukaza? Wimbo upo, usikilizeni. Hakuna uchungu mle ndani, hakuna hata chembe ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba anaweza. Kuna mbalamwezi tu.

Sasa nimefika mahali ninapopapenda kuliko pote, na hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka huo huo wa 1956 Shankar na Jaikishan walikuwa wanatunga muziki wa Basant Bahar. Hadithi ina mwimbaji kijana, aliyeigizwa na Bharat Bhushan, ambaye anaingia baraza la mfalme kushindana na mwimbaji mkuu wa baraza. Na kijana lazima ashinde, hadithi ndivyo inavyotaka. Shankar akamwambia Manna Dey: jiandae, utaimba sauti ya kijana. Akauliza, na huyo mwimbaji mkuu sauti yake itakuwa ya nani? Akajibiwa: Bhimsen Joshi.

Wazee wanatikisa vichwa. Vijana, niwaambie. Pandit Bhimsen Joshi ni mmoja kati ya waimbaji wakubwa wa muziki wa kale wa Hindustan waliowahi kuishi. Mtu wa ukoo wa uimbaji wa Kirana, mtu ambaye India ilikuja kumpa Bharat Ratna, heshima ya juu kuliko zote nchini mwao. Alikuwa mdogo kwa Manna Dey kwa umri, lakini katika muziki ule alikuwa simba. Na Manna Dey anaambiwa: kesho kutwa utaimba naye uso kwa uso, na utamshinda.

Alifanya nini? Alisimulia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Alikwenda nyumbani, akamwambia mkewe Sulochana: tufunge mizigo, twende Pune, tukae huko kimya mpaka warekodi na mtu mwingine, kisha turudi. Alitaka kukimbia! Mkewe akakataa katakata. Akamwambia kwamba ni shujaa wa picha anayetakiwa kushinda, basi na ajifunze ashinde.

Akarudi kwenye mazoezi. Raga yenyewe ni Basant, raga ya majira ya maua. Nyinyi wa taarab mna maqam zenu, mnajua kwamba sauti zina ngazi zake na kila ngazi ina tabia yake, na mtu hawezi kuizuga ngazi asiyoijua. Alikwenda akaishika raga ile mpaka ikamkaa mwilini. Ukiusikiliza wimbo leo, Ketaki Gulab Juhi, unamsikia Joshi anaanza kwa sauti nzito kama mawimbi ya kusi, na unamsikia Manna Dey anajibu, hapigi kelele, hashindani kwa nguvu kwa sababu anajua kwa nguvu hataweza. Anajibu kwa usafi. Kila sauti anaiweka mahali pake. Kasi inapanda, wanapokezana, wanapokezana, mpaka unasahau kwamba kuna picha.

Walipomaliza, Joshi alimpongeza, akamwambia kwamba anafaa kuimba muziki wa kale hasa.

Mnajua mara nyingi tunaisimulia hadithi hii tukimsifu Manna Dey, na tunamsahau Joshi. Hebu mfikirieni Joshi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Yeye ndiye aliyeombwa ashindwe, hadharani, kwenye sinema itakayotazamwa na mamilioni, na mwimbaji wa filamu. Angeweza kusema, mniwie radhi. Alikubali. Akaimba vizuri vile vile, hakuimba nusu nusu kama mtu aliyenuna, kisha akashindwa kama hadithi ilivyotaka. Kwa nini aliweza? Kwa sababu alijijua. Mtu anayejua alichonacho hakipotezi kwa kushindwa katika wimbo.

Sasa twende mbele miaka kumi na miwili. Mwaka 1968. Picha ya Padosan, ya vichekesho. Mtunzi ni Rahul Dev Burman, mtoto wa yule bosi wa zamani. Humo kuna mashindano ya dirishani. Upande mmoja Mehmood, anaigiza mwalimu wa muziki, msomi, mwenye raga zake zote. Upande wa pili Sunil Dutt, hajui kuimba hata kidogo, anachezesha midomo tu huku rafiki yake Kishore Kumar amejificha nyuma yake anamwimbia. Mmeona uzuri wake? Ni picha inayoionyesha kazi ile ile ya kuazima sauti, safari hii mbele ya macho yetu!

Sauti ya Mehmood ni Manna Dey. Na safari hii msomi ndiye anayetakiwa kushindwa. Kushindwa na nani? Na Kishore Kumar, ambaye hakusomea muziki wa kale kwa mwalimu yeyote. Kishore alikuwa na kipaji cha ajabu na utundu wa ajabu, anaimba, anabweka, anageuza sauti. Manna Dey ametumia maisha yake mbele ya walimu. Hadithi inamwambia: hawa wote wakucheke, ushindwe, wimbo uishe.

Usikilizeni ule wimbo, Ek Chatur Nar, lakini safari hii msicheke. Nyamazeni mfuate sauti ya Mehmood. Mle ndani ya vichekesho, sauti zake zimekaa sawa sawa. Hakuzembea kwa kuwa ni mzaha. Kama angeimba ovyo, ushindi wa Kishore usingekuwa na ladha, maana kumshinda asiyejua kuna kazi gani? Ilibidi msomi awe msomi kweli ndipo tucheke. Mimi naamini kwa dhati kwamba alichokifanya Joshi mwaka 1956 ndicho alichokifanya Manna Dey mwaka 1968. Alimwona mkubwa akikubali kushindwa kwa heshima, na zamu yake ilipofika alijua namna.

Vijana wangu, ni nani kati yetu anaweza? Nani anaweza kupewa sehemu ya kushindwa katika wimbo akaiimba kwa moyo wake wote?

Nirudi kwenye zile ndevu.

Mwaka 1963 Raj Kapoor aliigiza katika Dil Hi To Hai, na humo anajibadilisha, anavaa ndevu za bandia, anajifanya ustadhi mzee anayeimba mbele ya hadhara. Mtunzi alikuwa Roshan, raga ni Bhairavi. Nani aimbe? Kwa ndevu zile, aitwe nani? Wimbo ni Laga Chunari Mein Daag, na mwisho wake sauti zinamiminika kwa kasi, bila maneno, mpaka msikilizaji anasahau kuvuta pumzi. Mwaka huo huo, katika Meri Surat Teri Ankhen, S. D. Burman alimpa wimbo wa raga ya Ahir Bhairav, raga ya alfajiri, wa mtu aliyekesha usiku kucha kwa huzuni. Ashok Kumar ndiye anayechezesha midomo. Hakuna kasi mle, ni pumzi ndefu tu. Na mwaka 1965, katika Waqt, mzee Balraj Sahni anainuka mbele ya watu wazima kumwimbia mkewe, mama wa watoto wake, kwamba bado ni mrembo na yeye bado ni kijana. Aye Meri Zohra Jabeen! Naona mama zangu wanatabasamu. Wimbo wa mapenzi wa mzee, na nyimbo ngapi za vijana za mwaka ule zimesahaulika?

Kile alichokilia mwaka 1943 ndicho kilichomweka. Nyimbo ambazo wengine hawakuzitaka, au hawakuziweza, zilimfikia yeye, na kila moja ilimtaka awe mtu mwingine. Watu husema Manna Dey alidhulumiwa, hakupewa nafasi yake. Nimelisikia sana hilo, na kwa heshima zote silikubali. Angekuwa sauti ya nyota mmoja, angeimba mapenzi ya nyota huyo miaka ishirini na kuzeeka naye. Nani basi angemwimbia yule Mwafghani?

Yule Mwafghani ni wa Kabuliwala, picha ya mwaka 1961, iliyotoka kwenye hadithi ya Rabindranath Tagore. Balraj Sahni tena. Ni mchuuzi wa matunda makavu anayehangaika Kolkata, mtoto wake wa kike amembakisha Kabul. Usiku wageni wenzake wamelala, mmoja anapiga rababu, na wimbo unaanza: ewe nchi yangu mpenzi. Mtunzi ni Salil Chowdhury. Sikilizeni alivyoiweka sauti chini. Mtu mwenye kifua cha mieleka, aliyesimama na Bhimsen Joshi, hapa anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala pembeni. Mbengali anaimba kwa lugha isiyo ya mama yake machungu ya Mwafghani. Na nyinyi ambao mna kaka na baba huko Muscat na Dubai, wanaolala wanane chumbani na simu imewekwa chini ya mto, hamhitaji kutafsiriwa wimbo ule.

Na lugha aliziheshimu. Mkewe Sulochana alikuwa mtu wa Kerala, kusini kabisa. Mwaka 1965 mwelekezi Ramu Kariat alitengeneza Chemmeen, picha ya wavuvi wa pwani ya Kerala, kwa Kimalayalam. Salil Chowdhury akatunga muziki, na wimbo wa mwanamume aliyeachwa, anayetembea ufukweni usiku akimwita mpenzi wake, akampa Manna Dey. Kimalayalam ni lugha ngumu kinywani mwa Mbengali, ina sauti za ulimi uliokunjwa ambazo kwao hazipo. Aliketi na mkewe, akamfundisha neno kwa neno. Ndani ya picha ile ile alikuwamo K. J. Yesudas, kijana wa Kerala, ulimi wake ni wa huko huko. Wapo waliolikosoa na wanaolikosoa tamko la Manna Dey. Lakini watu wa Kerala mpaka leo wanauimba Manasa Maine Varoo, na wanamwimba yeye. Wamesikia mtu aliyejitahidi kwa ajili yao.

Jambo dogo kabla sijafika mwisho. Yeye na Mohammed Rafi walikuwa marafiki, na walikuwa wakirusha tiara pamoja huko Bombay, watu wazima wawili juu ya paa. Manna Dey alijisifu kwamba alikuwa akizikata tiara za Rafi, lakini alipoulizwa juu ya kuimba alimtanguliza Rafi mbele yake, waziwazi, mpaka uzeeni. Nalipenda hilo.

Sasa sisi. Pwani hii ilikula na kunywa nyimbo za Kihindi. Marehemu Juma Bhalo, aliyetuacha mwaka 2014, alizichukua lahani za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya ndugu yake Ahmad Nassir, na hakuna harusi ya Mombasa ya zama zile isiyomjua. Ni kazi kubwa na sitaruhusu mtu aidharau. Lakini nyinyi mnaoendelea nayo, mnajua lahani mnazozichukua zilitoka koo la nani? Ziko katika raga gani? Aliyeimba kwanza alisoma kwa nani?

Ninawaomba mambo mawili, na naomba kwa nia. La kwanza, kila mtu hapa achague wimbo mmoja wa Manna Dey ambao hautaki, wa mzee, wa mtakatifu, wa mtu aliyeshindwa, ajifunze mpaka aumudu wote, na tukikutana tena auimbe hapa. La pili, siku mnaposimama jukwaani na lahani ya Kihindi, kabla fidla haijaanza, taja jina la aliyeiimba na jina la aliyeitunga. Sekunde tano tu. Wapenzi wa taarab wako tayari kusikia.

Bwana mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Kijana wa harmonia yuko tayari, na amekubali kutupigia Basant polepole, sauti moja moja, ili wanaotaka kuifuata waifuate. Mwenye swali aniulize baada ya hapo.